Ustadi wa Kutogusa

Zipo kazi za mikono ambazo ubora wake hupimwa kwa kile fundi alichokifanya. Zipo nyingine ambazo hupimwa kwa kile alichokiacha kama alivyokikuta. Mwanakemia hufunzwa zaidi zile za kwanza: kuchemsha, kuchanganya, kuvunja na kuunganisha. Ninaotaka kuwasifu ni wale waliojifunza za pili, wakaingia ndani ya seli hai, wakafanya lao, na seli ikaendelea na maisha yake.

Kazi hiyo ni ngumu kwa sababu seli ina msongamano. Maji, chumvi, mafuta, protini na sukari vimejazana humo, na vingi kati ya hivyo viko tayari kushikana na chochote kinachopita. Kuitia rangi molekuli moja tu katika msongamano huo ni kama kuita "Mama Asha!" katikati ya Kariakoo mkesha wa Idi: watageuka wanawake kumi, na huenda unayemtaka asiwemo. Unahitaji jina ambalo hakuna mwingine sokoni analo.

Kwa protini, njia ilikwisha kupatikana. Protini ya kijani itokanayo na kiwavi-bahari hung'aa yenyewe, na jeni yake huweza kuunganishwa na jeni ya protini unayotaka kuifuatilia. Ugunduzi huo ulipata Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Lakini sukari zinazofunika uso wa seli, ambazo seli hutambuana kwazo, haziandikwi moja kwa moja na jeni. Zilibaki gizani.

Carolyn Bertozzi, akiwa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Marekani, alizifuata huko. Alichagua azidi, atomu tatu tu za naitrojeni zilizopangana mstari mmoja. Ni ndogo kiasi cha kutoisumbua seli, na haimo katika kemia ya kawaida ya miili yetu. Aliipachika kwenye sukari ya kawaida, akailisha seli. Seli ikaipokea, ikaigeuza kuwa asidi ya sialiki, kisha ikaitandaza juu ya uso wake kama ilivyozoea. Kazi kubwa ilifanywa na mwenyeji mwenyewe.

Ilibaki kutafuta wa kuiitikia azidi hiyo. Mwaka 2000 Bertozzi na mwanafunzi wake walirekebisha mmenyuko uliogunduliwa na Hermann Staudinger mwaka 1919, wakampata mwenzi huyo katika kemikali iitwayo fosfini. Ulifanya kazi, ila polepole. Mwaka 2002 Morten Meldal na Barry Sharpless, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha kwamba azidi na kundi jingine la atomu liitwalo alkaini huungana upesi mno zikisaidiwa na shaba. Tatizo likawa shaba yenyewe, kwani ni sumu kwa seli.

Hapo ndipo ninapouona ufundi hasa. Alkaini hupenda kunyooka. Ukiilazimisha ikae ndani ya duara la kaboni nane, hupinda na kubaki na mkazo, na mkazo huo huifanya ikimbilie azidi bila kusaidiwa. Wakemia wa Ujerumani walikuwa wameiona tabia hiyo tangu 1961. Mwaka 2004 maabara ya Bertozzi iliitumia kwenye seli hai, na shaba ikawa haihitajiki tena. Mwaka 2008 waliviogesha viinitete vya samaki pundamilia katika sukari yenye azidi, wakavitia rangi tofauti kwa nyakati tofauti, na hadubini ikaonyesha sukari za awali na zilizokuja baadaye, huku samaki wakiendelea kukua. Kemia hii isiyoingiliana na kemia ya uhai Bertozzi alikwisha kuiita bayo-othogonali mwaka 2003, na mwaka 2022 yeye, Meldal na Sharpless wakatunukiwa Nobel.

Fikra hiyo imezaa mengine. Mireille Kamariza, aliyekulia Burundi, akiwa mwanafunzi wa uzamivu katika maabara ya Bertozzi alishughulikia kifua kikuu. Njia ya zamani ya Ziehl na Neelsen hupasha makohozi moto, huyatia rangi, kisha huyaosha kwa asidi. Bakteria aliye hai na aliyekufa huonekana sawa. Kamariza na wenzake walitumia trehalosi, sukari ambayo bakteria hao huitumia kujenga ukuta wao na ambayo miili yetu haiitengenezi. Waliifunga kwenye rangi isiyong'aa majini bali hung'aa inapozama kwenye mafuta ya ukuta huo. Hapa hata azidi haihitajiki. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, bakteria waliwaka ndani ya makohozi ya wagonjwa wa Afrika Kusini, na katika majaribio mengine, dawa zilipowadhoofisha bakteria, mwanga ukapungua.

Watu huiona staha kama kupunguza juhudi. Kemia hii yaonyesha kinyume. Kuchagua azidi kulihitaji kujua kemia ya seli kiasi cha kujua isichokuwa nacho; kuchagua trehalosi kulihitaji kujua bakteria anajenga kwa kitu gani ambacho sisi hatukijengi. Anayeua ili aone halazimiki kujua kiumbe kinakula nini. Anayetaka kukiona kikiishi hana budi kulijua hilo kwanza, na hapo ndipo ufundi wake unapoanzia.