Nani Aliosha Vyombo

Barua zenyewe ni 14, zimepigwa taipu kwa Kiingereza, na mama yangu alizitandika kwenye rafu za kabati la vyombo kwa zaidi ya miaka ishirini. Waandishi wake walikuwa mume na mke, wastaafu, waliokuja Mwanza kwa kazi ya kanisa lao: mume kuchimba visima vijijini, mke kusaidia kliniki ya watoto. Walipanga nyumba Nyegezi, mama akawapikia na kuwafulia. Walipoondoka walimwachia sufuria, chandarua na boksi la nakala za barua walizokuwa wakituma kwao. Mama hasomi Kiingereza. Aliona tu kwamba karatasi ni nzito.

Mimi kazi yangu ni kuhariri maandishi ya watu, kwa hiyo nilizisoma kwa jicho hilo. Ni nzuri kuliko nilivyotaka ziwe.

Mume, ndiye mwandishi mkuu, anaona vitu. Ameona maji ya bomba yakija usiku wa manane na mtaa mzima ukiamka kupanga madumu. Ameona wale wadudu wadogo wa ziwani wakipanda jioni kama moshi, mpaka mtu anaogopa kufungua kinywa. Alisalimia "mwangaluka" saa kumi jioni, akachekwa, akajicheka. Barua za namna hii zina njia yake iliyokwisha kukanyagwa: shukrani mwanzoni, kichekesho katikati, mwishoni ombi la sala na la mchango. Wasomaji wake ndio wanaolipia safari, hivyo ni vigumu kuwaambia kwamba kazi imekwama. Yeye alithubutu walau mara moja: kisima kimechimbwa, maji yametoka ya chumvi, wanakijiji wamerudi ziwani. Aya hiyo ningeichapisha bila kugusa nukta.

Tatizo liko kwenye vitenzi. Nilipoanza kumtafsiria mama, niliona nimejaza kinywa kauli ya kutendwa. Maji yalichotwa. Chandarua kilifuliwa. Chai ilikuwa imeandaliwa. Mama akawa anadakia, "Na nani?" Nikadhani ananitania. Kufikia barua ya tano nilijua hatanii.

Si wao peke yao. Wamenoni wa Marekani walifika Shirati, kaskazini zaidi kwenye ufuko huu huu wa ziwa, mwaka 1934, miongoni mwao Elam Stauffer na mkewe Elizabeth, na tangu hapo familia za wamisionari zimeandika mengi kuhusu maisha yao huku. Kwa upande wa pili wa meza ninakijua kitabu kimoja ambacho ningempa mtu yeyote: simulizi ya maisha ya Zedekia Kisare, aliyesimikwa mwaka 1967 kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo. Humo, wageni ndio wanaotazamwa. Lakini hata Kisare alimsimulia Joseph C. Shenk, mmisionari, na kitabu kikatoka Marekani mwaka 1984 kwa Kiingereza. Askofu alipata wa kumwandikia. Mfuaji alipata rafu ya kabati.

Barua iliyonikalisha chini ni ya Juni 1996. Tarehe 21 Mei MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, ikafa na watu zaidi ya 800. Mjomba wangu alikuwemo. Mama alikwenda uwanja wa Nyamagana, maiti zilikotandazwa zitambuliwe, siku mbili mfululizo, akarudi bila kumwona. Barua inalieleza janga kwa heshima, inaomba sala, kisha inafika kwenye kichekesho chake: wiki nzima msaidizi wetu hakuwepo, na mzee huyu wa miaka 66 amejifunza kuosha vyombo kwa maji ya dumu, amevunja bilauri tatu. Kwa nini hakuwepo, barua haisemi.

Niliisoma kwa hasira, nakiri, na nilikuwa nimekwisha kuipanga hukumu yangu. Chini ya ukurasa kuna mstari wa kalamu, mwandiko wa mke: amekwenda msibani kwa msaidizi, ameketi, hakujua aseme nini. Mstari huo umekatwa kwa kalamu ile ile. Sijui kama ulisafiri na barua au ulibaki Nyegezi. Kama mhariri ningemwambia arudishe huo mstari na aanzie hapo.

Nilimsomea mama vyote viwili, bilauri na mstari uliokatwa. Bilauri zilimchekesha. Alizikumbuka, maana ndiye aliyeokota vipande chini ya sinki aliporudi kazini. Kwa mstari ule alinyamaza kidogo.

"Hakuketi," akasema. "Aliketi siku ya kwanza tu, kiti tukampa, akakikataa akashuka mkekani. Ya pili na ya tatu alikuwa nyuma ya nyumba na wanawake, kwenye mabeseni. Aliosha masufuria ya msiba mpaka mikono ikababuka. Shangazi zako walimkataza, hakusikia. Kwani hajaandika?"

Nikamwambia hajaandika.

"Basi andika wewe," akasema. "Na hiyo karatasi irudishe, sahani zinakwaruza."