Kukatwa kwa Maneno ya Kiingereza Mwishoni mwa Mstari

Noah Webster wa Marekani, katika kitabu chake cha tahajia cha mwaka 1783, aliwalaumu waliomtangulia kwa kuyakata maneno pasipo kuyasikiliza. Wao walikata ha-bit na clu-ster. Yeye akataka hab-it na clus-ter, ili mtoto auonapo mkato ajue mara moja kuwa vokali ya kwanza ni fupi. Twakiri kwamba hoja hii ni njema. Lakini yatupasa kuuliza: ni mtoto yupi aliyekuwa mbele ya macho yake?

Alikuwa mtoto aliyekwisha kukisikia Kiingereza nyumbani kwao kabla hajaiona herufi. Mwanafunzi wetu hukipata kitabuni, na sikioni mwake mna Kiswahili, ambamo karibu kila silabi huishia kwa vokali: ki-ta-bu, ba-ra-za. Akiambiwa akate kwa sauti, ataandika ha-bit, yaani lile lile alilolikataa Webster. Wala hakuzembea, bali ametii sikio lake. Basi kanuni hii humfaa asomaye. Aandikaye, kama hayajui matamshi, haimfai kitu.

Wako wafuatao shina. Vitabu vya Uingereza vimezoea kukata know-ledge, ili shina lionekane. Vya Marekani hukata knowl-edge, kama isikiwavyo. Njia ya shina huhifadhi maana, lakini humpotosha asomaye kwa sauti. Tena mashina mengi ya lugha hiyo ni ya Kilatini na Kiyunani, ambayo wanafunzi wetu wengi hawakufundishwa.

Hata sauti yenyewe haitoi hukumu moja. Neno present likiwa jina hukatwa pres-ent, likiwa kitendo hukatwa pre-sent. Mwaka 1983 Franklin Liang wa Chuo Kikuu cha Stanford alitoa tasnifu juu ya kuyakata maneno kwa kompyuta. Na katika programu ya TeX, iliyozitumia kanuni zake, present limo katika orodha ya maneno 14 ya pekee, nalo limeachwa zima. Na legend, likikatwa leg-end kwa haki ya sauti, humwonyesha msomaji mguu na mwisho, mahali palipokusudiwa hadithi ya kale.

Kwa hiyo twaona si haki kumpunguzia mwanafunzi alama kwa mkato wa Kiingereza kana kwamba amekosea ki-ta-bu. Na afundishwe machache yaliyo thabiti: neno la silabi moja, kama strength, halikatwi kamwe, neno lililoungwa kwa maneno mawili hukatwa kiungoni, kama class-room, lenye shaka lipelekwe zima mstari wa pili. Ukingo wa ukurasa usiolingana haumdhuru mtu. Neno lililokatwa vibaya humkwaza kila alisomaye.