Sifa za Mpima Matundu

Fundi wa zege wa pwani hana urafiki na hewa. Akishamwaga, huzamisha vaibreta hadi vipovu vitoke na zege lishikane. Mbao zikibanduliwa na tundu likaonekana, mwenye nyumba hununa. Ana haki ya kununa. Lakini Minnesota au Kanada, ambako barabara huganda na kuyeyuka mara nyingi kila majira ya baridi, yuko mtu anayelipwa kutafuta matundu ndani ya zege lililokwisha kuwa gumu, na asipoyaona ya kutosha ndipo huleta habari mbaya. Huyo ndiye ninayemsifu.

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Yakigandia ndani ya vinyweleo vya saruji, huisukuma mpaka ipasuke, na chumvi ya kuyeyushia barafu huzidisha balaa: uso wa barabara hubanduka magamba magamba. Katika miaka ya 1930, jimboni New York, baadhi ya barabara zilionekana kustahimili kuliko nyingine. Chanzo kilikuwa mafuta yaliyoingia wakati wa kusaga saruji, ambayo yaliacha povu laini ndani ya zege. Siku hizi povu hilo hutiwa makusudi, kwa dawa.

Kipimo cha shinikizo kinachotumika kwenye zege bichi hutoa jumla tu: hewa asilimia 6, basi. Kama ni mapovu machache makubwa au mamilioni ya madogo, hakisemi. Na hapo ndipo penye kisa chote, maana mtafiti T. C. Powers alionyesha mwaka 1949 kwamba kinachookoa zege ni ufupi wa njia ambayo maji yanayobanwa hupita kulifikia tundu la karibu. Kikomo kilichozoeleka ni milimita 0.2. Kwa kawaida umbali huo haupatikani mpaka zege likatwe.

Likishakatwa, kazi huwa ya msasa, na hapa ndipo ninapomwona fundi wa kweli. Anasugua kwa unga mkali, anaosha, anashika unga laini zaidi, anaosha tena, mpaka uso uliolowa urudishe taa kama kioo. Akiharakisha, kingo za matundu humeguka, na tundu dogo likasomeka kubwa. Asipoosha vizuri, unga huziba tundu, na hewa iliyokuwamo ikahesabiwa kuwa saruji. Ripoti haitaonyesha lolote kati ya hayo. Itatoka na tarakimu zake safi.

Kisha anaketi kwenye hadubini, bamba la zege likisogea chini yake mstari baada ya mstari, zaidi ya mita mbili kwa jumla. Kila mstari unapovuka tundu, anaandika urefu wa kipande kilichoangukia ndani. Msumeno haukati kila kipovu katikati, kwa hiyo kipenyo cha duara linaloonekana si kipenyo halisi, lakini hilo halimsumbui. Wanajiolojia walikwisha kuthibitisha katika karne ya 19, Delesse kwa maeneo na Rosiwal kwa mistari, kwamba sehemu ya mstari iliyo ndani ya kitu hulingana na sehemu ya ujazo wake. Gawanya 4 kwa wastani wa urefu wa vipande hivyo, unapata eneo la kuta za matundu kwa kila ujazo wa hewa. Hakuna kipovu hata kimoja kilichopimwa kizima, na hesabu imetimia. Hesabu chache za uhandisi zinanipendeza kama hii.

Jicho nalo lina kesi zake za kuamua. Tundu la hewa lina ukuta laini wa mviringo. Shimo lililoachwa na punje ya mchanga iliyong’oka lina sakafu chakavu. Katika zege la zamani baadhi ya matundu yamejaa fuwele nyeupe kama sindano, na lazima aamue kama bado ni hewa. Wasomaji wawili wa bamba moja hutofautiana, nao hawaoni haya kusema hivyo.

Wengine sasa hupaka uso wino mweusi, hukandamiza unga mweupe ndani ya matundu, kisha kompyuta huhesabu weupe kwa dakika chache. Lakini kokoto nazo zina vitundu vyake, navyo hunasa unga. Kabla ya kuiachia mashine, mtu huinama na kalamu yenye ncha nyembamba, akavipaka weusi kimoja kimoja. Asichokipaka, mashine itakiita hewa.