Sanamu za Dinosaria Sokoni Sumbawanga: Je, Neno "Mjusi" Latosha?

Katika makala hii tunakusudia kuhakiki istilahi za bidhaa ambazo kwa kawaida hazifiki mezani petu, yaani sanamu za plastiki za wanyama wa kale, ambazo watoto huzichezea na baadhi ya watu wazima huzikusanya. Sanamu tulizozichunguza tulizipata Sumbawanga mjini, nyingine kwa wachuuzi, nyingine kwa walimu wanaozitumia darasani. Huenda msomaji akauliza vitu vya kuchezea vina uhusiano gani na usanifishaji wa lugha. Jibu letu ni kwamba mtoto wa Ufipa humjua mnyama huyu kwa sanamu kabla hajamsoma kitabuni, na jina analopewa siku hiyo ndilo aendalo nalo shuleni. Jina likiwa bovu, mwalimu hulazimika kung'oa kabla ya kupanda.

Jina lililoenea ni "mjusi", au "mjusi mkubwa". Lawama si ya wachuuzi peke yao. Magazeti yetu, na hata mijadala ya Bunge kuhusu mifupa iliyochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin, yamezoea kusema "mjusi wa Tendaguru". Asili ya kosa hili yaeleweka. Mwaka 1842 Mwingereza Richard Owen aliunda jina la kundi hili kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya kutisha na la pili lenye maana ya mjusi. Mfasiri akafuata Kigiriki, akadhani amemaliza kazi.

Lakini asili ya neno siyo fasili yake. Na aitwae sanamu ya dinosaria iliyotengenezwa vizuri, alinganishwe na mjusi wa ukutani. Miguu ya mjusi hutanuka kando ya mwili. Miguu ya dinosaria husimama wima chini ya mwili, kama nguzo chini ya ghala. Kwa nasaba, dinosaria ni jamaa wa mamba na wa ndege kuliko alivyo jamaa wa mjusi; tena ndege wenyewe ni wazao wa dinosaria. Basi mwalimu asemaye "mjusi mkubwa" humfundisha mtoto ukoo usio wake, na mtihani wa biolojia utakapouliza uhusiano wa kuku na dinosaria, mtoto huyo hatakuwa na pa kushika.

Kwa hiyo twaunga mkono neno "dinosaria", ambalo limekwisha kuzoeleka, pamoja na mambo matatu ya kuzingatia.

Kwanza, upatanisho wa kisarufi. Mnyama ni dinosaria huyu, dinosaria hawa, dinosaria mkubwa. Kitu cha kuchezea ni sanamu hii ya dinosaria, sanamu hizi. Neno "mwanasesere" halifai hapa, kwa kuwa mwanasesere ni mfano wa mtu. "Mdoli" nalo lina dosari hiyohiyo.

Pili, mipaka ya neno. Katika mfuko mmoja wa sanamu tulikuta dinosaria wa kweli wamechanganywa na Pteranodon arukaye, na Dimetrodon mwenye tanga mgongoni, na tembo wa kale mwenye manyoya. Wote waliitwa dinosaria. Pteranodon si dinosaria. Dimetrodon yu karibu na ukoo wa mamalia, naye alitoweka makumi ya milioni ya miaka kabla ya dinosaria wa kwanza. Kundi zima liitwe "wanyama wa kale waliotoweka". Hatupendekezi "wanyama wa kabla ya historia", maana historia hupimwa kwa kumbukumbu za binadamu, na msemo huo humfanya mtoto adhani kuwa dinosaria na zamadamu waliishi pamoja.

Tatu, majina ya kisayansi yasigeuzwe tahajia. Jina la kisayansi ni la dunia nzima. Tafsiri iwekwe kando yake, si mahali pake.

Hapa ndipo tunapofikia jambo linalotugusa zaidi. Mtu akisimama kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa, huliona Bonde la Rukwa chini yake. Katika miamba ya bonde hilohilo, upande wa kusini-mashariki, wataalamu wamefukua wanyama wa kale kadhaa. Mamba mdogo mwenye ukubwa wa paka, na meno yanayofanana na ya mamalia, alitangazwa mwaka 2010 kwa jina la Pakasuchus kapilimai, kwa heshima ya Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Dinosaria Rukwatitan bisepultus akafuata mwaka 2014, Shingopana songwensis mwaka 2017, na Mnyamawamtuka moyowamkia mwaka 2019, ambaye pingili yake ya mkia ina umbo la moyo.

Tukiyahakiki majina haya kwa kanuni zetu, tunaona kuwa Shingopana ndilo bora: ni fupi, sarufi yake ni sahihi, nalo hutaja sifa ionekanayo katika mifupa ya shingo. Mnyamawamtuka ni sentensi nusu iliyobanwa kuwa neno, lakini hutamkika na hutaja Mto Mtuka. Pakasuchus huhitaji maelezo, mtoto asije akadhani ni paka. Jina la kawaida "mamba-paka" lingefaa, maana neno la kwanza hutaja ukoo na la pili hutaja mfano.

Pamoja na hayo, katika sanamu zote tulizochunguza hatukukuta hata mmoja wa wanyama hao. Tulikuta Tyrannosaurus na Triceratops, wote wa Marekani Kaskazini. Tulikuta pia mmoja mwenye shingo ndefu, aliyechapwa jina la Brachiosaurus tumboni. Wengi wa namna hii huigwa kutokana na kiunzi cha Tendaguru kilichoko Berlin, chenye kimo cha meta 13.27, na ambacho tangu uchunguzi wa mwaka 2009 wataalamu wengi hukiita Giraffatitan brancai, yaani jitu-twiga. Hivyo mtoto wa Sumbawanga ameshika mkononi mnyama wa nchi yake bila kujua, kwa kuwa jina lililochapwa ni la jamaa yake wa Marekani.

Twapendekeza basi kwamba walimu na watafsiri watumie "dinosaria" na kuacha "mjusi". Kwamba maofisa waandikao vibao vya makumbusho na hati za serikali wafanye vivyo hivyo, hasa panapojadiliwa mifupa ya Tendaguru. Na kwamba "shingopana", kwa herufi ndogo na katika ngeli ya A-WA, likubaliwe kuwa jina la kawaida la mnyama huyo. Walimu wa Rukwa wenye udongo wa mfinyanzi na picha sahihi waweza kumfinyanga shingopana pamoja na wanafunzi wao bila kungoja kiwanda cha ng'ambo. Maoni ya wasomaji juu ya "mamba-paka" na "jitu-twiga" tutayapokea kwa shukrani.