Kushona Bila Haraka

Sifa nyingi za daktari wa upasuaji huendea wepesi wa mkono. Kwenye fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, wepesi huo unaponza. Mwanamke aliyetoboka ukeni mpaka mkojo ukawa unajitokea wenyewe, iwe kwa uchungu wa siku tatu au kwa ukatili wa wenye bunduki, huenda asishonwe wiki anayofika. Nyama iliyooza haishiki uzi. Huwekewa mpira wa mkojo, husafishwa, hulishwa vizuri, na pengine hungojwa hata miezi mitatu. Tundu dogo huweza kujifunga lenyewe kwa mpira tu, kisu kisiguse kitu.

Daktari Denis Mukwege alipoanzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, Kongo, mwaka 1999, alikusudia kuhudumia wajawazito. Wa kwanza kuletwa alikuwa majeruhi wa ubakaji. Nobel aliyopewa 2018 inajulikana. Ninayoisifu mimi ni kazi ya meza ya upasuaji. Mara nyingi ganzi ya mgongoni inatosha, mashine ya usingizi si lazima. Daktari huachanisha kibofu na ukuta wa uke, kidogo kidogo, mpaka kingo za tundu zikutane bila kuvutana. Hapo ndipo penye ufundi, maana mshono unaovutwa huachia, na kila mshono ulioachia huacha kovu linalofanya wa pili kuwa mgumu zaidi. Akishashona kwa uzi unaoyeyuka, hujaza kibofu maji ya bluu na kutazama shashi iliyowekwa ukeni. Ikilowa bluu, kazi inarudiwa. Kipimo hicho hakihitaji umeme, wala hakijali cheo cha mtu.

Mpira hukaa wiki mbili hivi. Ukiziba usiku mmoja tu, kibofu hujaa na mshono wote kwenda na maji. Kwa hiyo nesi wa zamu, anayepita na tochi kuangalia kama mkojo unashuka na kumhimiza mgonjwa anywe maji, ana nusu ya upasuaji mikononi mwake. (Ripoti, bila shaka, humtaja daktari.)

Mamitu Gashe wa Ethiopia aliyajua hayo akiwa kitandani. Aliletwa Addis Ababa na fistula, hajui kusoma, akatibiwa na madaktari Reginald na Catherine Hamlin. Alipopona alibaki hapo kutandika vitanda, akaanza kusaidia kwenye chumba cha upasuaji, akashika sindano mwenyewe, na mwishowe akawa anawafundisha madaktari wenye shahada.