Mtoto wa Benchi na Kikombe cha Mwalimu

Ndugu msomaji, usishangae kumwona mwalimu wa chuo ameingia katika habari za mpira. Mwanao akitoka nyumbani baada ya alasiri kwenda kiwanjani, umemkabidhi kwa mtu mwingine amfundishe, na kila afundishaye mtoto yapasa aulizwe: unamfundisha nini, na kwa njia gani?

Mimi nililazimika kuuliza siku nilipokwenda kumtazama mjukuu wangu. Ana miaka kumi, amezaliwa mwezi wa Novemba, na katika wenziwe ndiye mfupi kuliko wote. Mwezi mzima alihudhuria mazoezi bila ya kukosa hata siku moja. Siku ya fainali alivaa jezi, akafunga viatu, akakaa benchi tangu mwanzo mpaka mwisho. Mwalimu wake hakukaa. Alikimbia kando ya mstari akipiga kelele, "Toa! Piga mbele! Rudi! Usikae na mpira!" Timu ikashinda, kikombe kikanyanyuliwa. Nilipomwuliza kwa upole kwa nini yule mdogo hakuingia hata dakika tano, alinijibu, "Shekhe, leo tulikuwa tunataka kikombe."

Nani hao waliokitaka? Mjukuu wangu alitaka kucheza.

Nianze na zile kelele. Chuoni tunamjua mwanafunzi ambaye mwalimu akimtangulia kila neno, husoma vizuri hata mgeni akapendezwa. Mwalimu akinyamaza, naye hunyamaza. Huyo hajahifadhi, aliyehifadhi ni mwalimu. Mpira nao ni hivyo hivyo. Kazi ngumu ya mchezaji si kupiga, ni kuona: mwenzangu yuko wapi, mpinzani anatokea upande gani, nitoe pasi au nipige chenga? Hayo huamuliwa kwa kitambo kidogo mno, na mtoto anayeamuliwa kila mara na sauti ya nje hapati nafasi ya kujizoeza kuamua. Leo atashinda kwa macho ya mwalimu. Akifika miaka kumi na minane, mbele ya watu elfu wanaopiga kelele, sauti hiyo hataisikia tena.

Iko nchi iliyojipima kwa swali hili mbele ya watu, nayo ni Ubelgiji. Mwaka 2000 iliandaa pamoja na Uholanzi mashindano ya mataifa ya Ulaya, ikatolewa katika kundi lake. Michel Sablon, aliyekuwa mkuu wa ufundi katika chama chao cha mpira, akawataka wataalamu wa chuo kikuu cha Leuven wachunguze mechi za watoto zilizopigwa picha. Waliona kwamba walimu wamehangaikia ushindi, na watoto hawaugusi mpira vya kutosha. Hesabu yake ni nyepesi: watoto 22 wakigombea mpira mmoja, aghalabu mdogo wao hubaki kukimbia tu. Basi wadogo kabisa wakachezeshwa wawili kwa wawili, wanaofuata watano kwa watano, kisha wanane kwa wanane, na kumi na mmoja baadaye. Chenga, ambayo walimu wetu huiita uchoyo, wakaifanya somo la awali. Na kwa watoto wa chini ya miaka 7 na 8 wakaufuta msimamo wa ligi.

Wala mtu asiseme kwamba karatasi ya Sablon ndiyo iliyomzaa Eden Hazard. Hazard alimalizia malezi yake ya mpira Lille, Ufaransa; Vertonghen na Alderweireld walilelewa Ajax, Uholanzi. Na kizazi hicho, pamoja na kushika nafasi ya kwanza ya FIFA mwaka 2015 na ya tatu katika Kombe la Dunia la 2018, hakikutwaa kombe kubwa hata moja. Linalonivutia mimi ni kwamba walithubutu kushindwa katika mechi za watoto ili watoto wajifunze.

Ama habari ya ufupi, hapo dhuluma ni kubwa na mwenye kuitenda mara nyingi haijui. Watoto huwekwa pamoja kwa mwaka wa kuzaliwa. Wa Januari na wa Novemba huitwa rika moja, na baina yao miezi kumi! Katika umri wa miaka minane au kumi, miezi kumi ni mfupa na ni pumzi. Mwalimu humchagua mkubwa akidhani amechagua hodari. Aliyechaguliwa hupata mazoezi zaidi, akawa hodari kweli. Uingereza huhesabu mwaka wa vijana kuanzia Septemba, na Harry Kane alizaliwa tarehe 28 Julai 1993, yaani karibu na mkia. Arsenal walimwacha akiwa mtoto wa miaka minane. Mwaka 2023 akawa mfungaji mkuu wa timu ya taifa ya Uingereza katika historia yake yote. Ubelgiji wao waliunda hata timu za taifa za vijana waliochelewa kukua, wasije wakatupwa kabla ya kuota.

Sisemi watoto wasihesabu magoli. Watahesabu tu, hata kichochoroni wanakocheza na mpira wa matambara. Wala simlaumu mwalimu peke yake. Anajitolea jioni zake, na kando ya mstari ule tulikuwako sisi wazazi na mababu, na wengine walipiga kelele kumshinda yeye. Timu ikifungwa mara tatu, mzazi humhamisha mwanawe. Mwalimu naye anajua hivyo.

Nimerudi kwake na ombi moja: mpaka watoto watimize miaka kumi na miwili, kila aliyevaa jezi acheze angalau nusu ya mechi, fainali ikiwemo. Hakukataa. Alisema yeye yu radhi, ila lazima kwanza awaulize wazazi. Basi huenda wiki hii akabisha hodi kwako.