Aliyeugua na Anayeuguza: Uhakiki wa Nafsi ya Mwandishi katika Notes on Nursing

Utangulizi

Kitenzi uguza kimenyambuliwa kutoka ugua katika kauli ya kutendesha, kama tembeza kutoka tembea. Anayemtembeza mgeni hutembea naye. Je, anayemuuguza mgonjwa ni lazima awe amewahi kuugua? Makala haya yanalichunguza swali hilo kupitia Notes on Nursing, kitabu cha Florence Nightingale kilichochapishwa London mwaka 1859. Hoja yetu ni kwamba nguvu ya kitabu hicho haitokani tu na ugonjwa wa mwandishi, bali pia na mipaka anayoiwekea kumbukumbu yake.

Mjadala

Nightingale alifika Scutari, Uturuki, Novemba 1854 kuwauguza askari wa Uingereza. Mei 1855, akiwa Balaklava, alishikwa na homa kali, akalazwa. Kuanzia 1857 afya yake ilizorota, akawa mtu wa kitandani kwa miaka mingi. Hivyo, aliyeandika kitabu hicho alikuwa muuguzi na mgonjwa kwa wakati mmoja.

Hali hiyo inadhihirika katika mahali anapoutazamia uuguzi. Maelekezo yake mengi yanaanzia kitandani, si mlangoni. Muuguzi akae anapoonekana, mgonjwa asilazimike kugeuza kichwa. Asinong'one nje ya chumba, kwa kuwa mgonjwa atatega sikio akidhani anasemwa yeye. Asiegemee kitanda. Haya ni mambo ambayo aliyesimama huyapuuza kwa urahisi.

Mfano ulio wazi zaidi umo katika sura inayohusu haja ya mgonjwa kubadilishiwa mandhari. Nightingale anaeleza mateso ya wagonjwa wa homa waliolazwa kibandani bila kuweza kuona nje ya dirisha, wakabaki kutazama mafundo ya mbao. Kwamba naye aliyahisi mateso hayo, analitaja ndani ya mabano. Kisha anakumbuka shada la maua ya porini aliloletewa, na jinsi alivyoanza kupona kwa kasi tangu hapo. Mpangilio huu una maana: kinatangulia alichokiona kwa wengine, ndipo kinafuata alichokihisi mwenyewe. Nafsi ya kwanza inaingia kama shahidi, si hakimu.

Hata hivyo, kitabu kina upungufu. Shada moja halithibitishi kilichomponya. Aidha, kwa kuwa kiliwalenga hasa wanawake wanaouguza nyumbani, mgonjwa wake mara nyingi ana chumba chake, na anazungumza lugha moja na anayemuuguza. Katika wodi za ukanda wetu, vitanda husongamana, na huenda Kiswahili ni lugha ya pili kwa wote wawili. Hapo kumbukumbu ya muuguzi haitoshi. Anahitaji pia maneno ya kuulizia.

Hitimisho

Kauli "hata mimi niliwahi kulazwa" inaweza kuyafungua mazungumzo au kuyafunga. Nightingale mwenyewe aliwakemea wanaowamiminia wagonjwa faraja tupu, na kauli hii huwa faraja ya aina hiyo inapochukua nafasi ya swali. Tunapendekeza kwamba ufundishaji wa Kiswahili kwa wanafunzi wa uuguzi uyashughulikie mazungumzo ya kitandani: namna ya kutaja tajiriba yako kwa ufupi, kisha kumuuliza mgonjwa anajisikiaje na kumsubiri ajibu.